Mshazari

Tumeipandisha juu ya magogo manne, Isuzu ya Bi Nyamizi,
kabini kando, bodi imeegemea ukuta wa gereji,
chasi imebaki uchi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Hapa Isevya wapita njia wanauliza
kama tunaiuza kwa kilo.

Nimeazima uzi wa fundi mwashi.
Kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia,
kisha ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto,
nikaandika kwa chaki sakafuni, nikapima tena
kwa kutoamini.
Mishazari imepishana milimita kumi na saba.
Karibu upana wa gumba langu, hili lenye kovu.
Ndiyo sababu mlango wa dereva ulikuwa unajifungua
kila gurudumu lilipodumbukia,
na Mihayo akaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kwenye kitasa,
toka Ipole hadi kambi za warina asali.

Mwaka jana nilichukua bamba nene kuliko yote,
nikalichomelea juu, chini, ubavuni, mshono hauna pengo,
nikaupiga teke mhimili, ukalia kama kengele ya shule.
"Hii haitikisiki tena," nikasema, nikahesabu noti.

Mwezi wa pili, mbuga ya Koga imevimba,
ikakatika.
Si penye bamba. Bamba lilikuwa zima, linang'aa.
Ilikatika pale bamba linapoishia,
shibiri moja mbele ya kiburi changu,
chuma laini kilipoachwa peke yake
kubeba ukaidi wa jirani.
Madumu ya asali yakalala topeni.
Bi Nyamizi alitembea tangu alfajiri hadi jua la utosi,
viatu mkononi.
Nyuki walifika kabla ya trekta.

Hakunishitaki. Aliliburuza gari mpaka mlangoni kwangu:
"Lilianzia hapa."
Chai hakunywa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuwahi kulala chini ya gari.
Ufa wa chuma hauanzi kwa kuzibwa.
Unaupaka mafuta ya taa, unafuta, unapaka chaki,
unasubiri mstari mweusi ujitokeze wenyewe
na kukuonyesha ulikokuwa unaelekea.
Kwenye ncha yake unatoboa tundu, dogo, duara,
ufa ufike hapo ukose kona ya kushika.
Ndipo unaziba.

Nimekata mabamba mapya, membamba,
ncha zake nimezichonga kama mikuki
ili mzigo uingie taratibu, usigonge ukuta.
Nimeongeza mataruma mawili kati ya mihimili,
nimeyafunga kwa bolti, sikuyachomelea:
bolti inasikiliza, mshono unabisha.
Na bodi haitalala tena moja kwa moja juu ya chasi,
mbele itakaa juu ya springi,
njia ikijipinda, chasi ijipinde,
madumu yasijue.

Saa tisa umeme ukakata, nusu ya mshono.
Tulikaa gizani mimi na Shija, kinyago kichwani,
chuma kikipoa kwa vimilio vidogo,
tik, tik,
hakuna aliyesema kitu.

Leo amekuja. Nimepandisha gurudumu moja juu ya gogo,
gari limekaa upande kama mtu anayetega sikio.
Akafungua mlango. Akaufunga kwa kidole kimoja.
Akaufungua tena.
Akauliza mishazari inapishana kiasi gani sasa.

"Mbili."

"Mbona si sifuri?"

Nikamwambia ningeweza, kwa jeki na moto,
kuilazimisha, na ingetii mpaka Koga.
Akatazama chaki sakafuni, kumi na saba ya zamani
bado inasomeka chini ya mafuta.

"Andika risiti," akasema.
"Na hizo mbili ziandike."